Fundi Aliyezikataa Bolti Fupi

Watu huniuliza ni nani aliyenifunza kazi. Huwajibu kuwa nimejifunza mwenyewe, na si uongo mtupu. Skuli niliiacha sijui hata kugawanya, na leo nna gereji yangu, ina bati na sakafu ya saruji, na dereva yeyote wa shamba ukimtajia jina langu atakwambia huyo bwana injini humsikiliza. Sijarithi spana hata moja. Lakini ndani ya majivuno yangu hayo pana mtu nimemfunika, na sasa nimeona nimfunue. Alizaliwa wapi, wazee wake kina nani, hayo waulizwe wanaopenda nasaba. Mimi nnamjua kuanzia vidoleni.

Tukimwita Fundi. Mafundi walikuwa wengi mjini, nyuma ya Darajani pale walijaa, na kila mmoja alikuwa na jina lake na la baba yake. Lakini ukisema Fundi bila ya kuongeza neno, kila mtu alijua unamkusudia nani. Alikuwa mfupi, shingo nene, na kofia yake ya viua haikupata kuguswa na grisi hata siku moja. Akifika kazini huivua, huitundika msumarini, na ole wake atakayeisogelea. Bolti alikuwa akiziweka shavuni, kama mtu aliyetafuna tambuu, ili mikono yote miwili iwe huru. Akikutukana, alikutukana na bolti zake mdomoni, na ilibidi umwombe arudie.

Na matusi alikuwa nayo. Mimi nilipoingia kwake nilikuwa kijana mwenye nguvu, nimebeba magunia ya karafuu bandarini, nadhani kazi ya gereji ni misuli. Siku ya kwanza nilikaza bolti mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Akaja, akaangalia, akasema: "Wewe unakaza bolti kama unakama tui. Unataka litoke tone la mwisho?"

Nikatoa spana.

"Sasa ifungue. Anza kwa vidole."

Hiyo ndiyo ilikuwa kalima yake: vidole kwanza. Bolti isiyoingia kwa vidole haikupata spana yake. "Ikikataa vidole, imekataa," alikuwa akisema. "Usiipelekee spana kwenda kuitia adabu." Kisha ilikuja amri ya pili, na hii mimi nimewafunza wengi na wakadhani ni yangu. Bolti lazima iingie ndani ya tundu kwa kina kisichopungua unene wake yenyewe. Hiyo ni chuma kwa chuma. Ikiwa tundu ni la alumini, mara moja na nusu, na ukipata mara mbili ushukuru, kwa sababu alumini, alivyokuwa akisema yeye, ni muhogo uliochemka. Nyuzi zake, yale matuta ya ndani ya tundu yanayoishika bolti, ukizipa bolti fupi zinashika leo, kesho zinatoka zote pamoja, unabaki na bolti mkononi imevaa nyuzi za watu.

Lakini msidhani alipenda bolti ndefu tu. Alikuja dereva mmoja wa gari la abiria la Kiwengwa, bwana wa maneno mengi kama mimi, pampu yake ya maji inavuja.

"Fundi, nshaikaza mwenyewe. Imekaza mpaka spana inalia."

"Umekaza nini?"

"Pampu, bwana."

"Hujakaza pampu. Umekaza bolti. Bolti yako ndefu, imefika mwisho wa tundu ikagonga ukuta, na wewe ukadhani umefika nyumbani. Pampu yenyewe ipo juu huko inacheza ngoma."

Gereji nzima ilicheka. Dereva akanuna, akasema: "Basi si nitie washa, kile kipete cha bati, chini ya kichwa chake?"

"Utatia. Lakini unajua imezidi kiasi gani? Hujui. Yakhe, wewe unabahatisha mpaka maji."

Hapo ndipo alipotoa chelewa. Hicho ndicho kilikuwa chombo chake cha kupimia, kijiti kile cha ukuti kinachofungwa kuwa ufagio. Alikitumbukiza katika tundu mpaka kikagusa chini, akakikata kwa ukucha pale pale kwenye mdomo wa tundu, akakilaza ubavuni mwa bolti. Hapana haja ya kusoma tarakimu. Jicho linaona ndani pana nini na nje pana nini. Mimi mpaka leo, na vipimo vyote vya kung'ara nilivyonavyo kabatini, tundu likiwa na uziwi, halikutoboka upande wa pili, naingiza chelewa kwanza.

Chelewa hizo alizichomoa katika ufagio wa mkewe. Walikuwa wakikaa Mchangani, ghorofani, na asubuhi ukipita chini unasikia: "Wewe mwanamme wewe! Ufagio wangu umekuwa upara!"

"Mke wangu, lori zima limepona kwa ufagio wako."

"Na uchafu wangu upone kwa nini?"

Naye anashuka ngazi anacheka, kijiti kimechomekwa nyuma ya sikio.

Baada ya Mapinduzi mwenye gereji aliondoka, wengi waliondoka, na Fundi akabaki na uwanja, sisi, na magari ya watu. Zikaanza kuja mashine na malori kutoka nchi nyengine kabisa, bolti zake zinapimwa kwa milimita. Za zamani zote zilikuwa za inchi. Kwa macho ni mapacha hizo. Ukiitia ya huku kule, inaingia kwa vidole mizunguko miwili mitatu, kisha inang'ang'ania, na fundi mvivu anashangilia: imekaza! Kumbe zinatafunana. Injini nyingi Unguja zilikufa kifo hicho miaka ile, na watu wakailaumu mashine mpya kuwa mbovu. Fundi alikuwa akizishika bolti mbili, anazilaza ubavu kwa ubavu, nyuzi ndani ya nyuzi, anazinyanyua juu mbinguni na kukunja jicho. Akiona mwanga baina yao, anazitenga, hii kopo hili, hii kopo lile. "Si ndugu hawa," anasema, basi. Mimi siku hizi nazitambua kwa kidole gumba, macho nimefumba. Waulizeni wafanyakazi wangu.

Mtu huyu ungetaraji nyumba yake imenyooka kama rula. Hata! Mlango wa chumba chake ulifungwa kwa kipande cha kamba. Kabati limeegemea jiwe. Baiskeli yake, usukani umefungwa kwa waya, ukikata kona lazima uuombe. Nikamwambia siku moja, Fundi, hii itakuja kukutupa. Akanijibu: "Ikinitupa, imenitupa mimi." Sikuifikiri sana kauli ile wakati huo. Nilidhani ni uvivu.

Na alikuwa na ulaini mmoja tu, binti yake. Ndiye mtoto wake pekee, ameolewa Makunduchi. Akija mjini kumtazama baba, kazi ilisimama. Fundi ananawa kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, kisha anavaa kofia yake, ndipo anampa mkono.

"Baba, unanuka lori."

"Lori ndilo lililokuvisha kanga hizo."

Binti alishaanza kuchanganya maneno ya Kimakunduchi, na baba yake akijitia haelewi, anatugeukia sisi: "Nitafutieni mkalimani, mwanangu kaja na lugha ya wenyewe." Binti anampiga begani kwa ukingo wa kanga. Nilikuwa nikitazama mambo hayo huku nimelala chini ya gari, najifanya nakaza kitu.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Tulikuwa na lori moja juu ya magogo, la abiria, flaiwili lake liko chini. Asiyejua, flaiwili ni lile gurudumu zito la chuma lililo nyuma ya injini, limefungwa kwa bolti kwenye mhimili wake, linazunguka karibu kabisa na miguu ya dereva. Bolti zake za asili zilikuwa zimekatika, na mpya tulikuwa tunazingoja kutoka Dar es Salaam. Zilizopatikana mjini zilikuwa za uzi ule ule, lakini fupi. Zikishika, zinashika nyuzi mbili tatu.

Akaja mtu wa Uroa, mvuvi, pamoja na mwenye lori. Mama yake alikuwa taabani huko kwao, pumzi hazimtoshi, anataka aletwe hospitali. Gari la hospitali lilikuwa shamba kwengine, na wenye magari mazima wote aliwakuta wameshaondoka. Mwenye lori hakuwa na pingamizi.

"Fundi, lifunge hivyo hivyo, liende Uroa lirudi."

Fundi alitikisa kichwa.

"Bolti si hizi hapa?" mtu wa Uroa akasema. Alikuwa amezishika mkononi.

"Hizo fupi, bwana. Flaiwili likichomoka linapasua sakafu, linakata miguu ya dereva na ya aliyekaa ubavuni mwake. Mama yako atakaa wapi?"

"Ubavuni mwa dereva."

"Basi umejijibu."

"Mara moja tu, Fundi. Kwenda na kurudi. Nakuomba kwa Mungu."

"Bolti haijui mara moja."

Yule mtu hakutukana. Aliziweka bolti juu ya ubao, moja moja, taratibu, kama vyombo vya mtu. Akakaa kizingitini mpaka Alasiri, labda akidhani moyo wa Fundi utageuka, kisha akaondoka kwa miguu kutafuta kwengine. Habari za msiba tulizipata baada ya siku chache. Fundi alituma mkono wa pole. Kwetu sisi alisema tu kwamba miguu ya watu imesalimika. Mimi nilikubali, na mtu mwengine angekuja na spana kuzifunga zile bolti ningemzuia kwa kifua changu. Bolti akazitia katika kopo la maziwa, akaliweka rafuni. Chuma hakutupa.

Mwaka haujazunguka, ikawa Ijumaa, watu ndio kwanza wametoka msikitini. Abiria mmoja aliyeingia mjini kutoka Makunduchi alikuja mbio gerejini. Binti wa Fundi alikuwa katika uchungu tangu jana, mtoto amekwama, mkunga kasema mpelekeni hospitali, na gari la kumpeleka hakuna. Lile lililomleta abiria lilikuwa limeharibika Kiembesamaki, na mjini tulipouliza, magari mazima yote yalikuwa shamba.

Uwanjani kwetu palikuwa na lori jengine, la sampuli ile ile. Flaiwili lake lilikuwa chini. Bolti mpya tulikuwa tunazingoja.

Fundi alikwenda rafuni, akalishusha lile kopo.

"Fundi," nikamwambia, "hizo..."

"Nishikie taa."

Nikashika. Hakutumbukiza chelewa. Alizianza kwa vidole, zote, kisha spana, na nikaona kichwa chake kinatikisika kidogo kila anapofikia mwisho, mapema mno, nyuzi zimekwisha kabla ya mkono kuchoka. Tukarejesha giaboksi kwa kasi ambayo sijapata kuiona tena, na mimi watu husema nna kasi. Nikafungua mlango wa mbele nipande.

"Panda nyuma," akasema.

"Fundi, mimi nna macho mazuri, niendeshe mimi."

"Nimekwambia panda nyuma. Miguu hii ni yangu."

Tukaondoka. Njia yote ya kusini ilikuwa mashimo, na kila shimo nilikuwa nasikiliza chini, meno nimeyauma. Nimesimama nyuma ya kichwa chake, namuona kwenye kidirisha, kofia hakuivaa, kaisahau msumarini. Jozani tukapita. Kitogani tukapita. Lile flaiwili lilizunguka kama limefungwa na waliolitengeneza. Nikaanza hata kucheka peke yangu kwa furaha, nasema lahaula, zinashika.

Makunduchi tuliingia kabla ya Magharibi. Hakuna aliyelikimbilia lori. Wanaume walikuwa wamesimama nje ya nyumba. Mkwewe alikuja akafungua mlango wa dereva mwenyewe, akamshika mkono.

"Shuka, baba," akasema. Hayo tu.

Tulimzika siku ya pili, yeye na aliyekuwa tumboni.

Baada ya matanga tulirudi mjini na lori lile lile. Mwenye lori alikuwa hana haraka, na mimi nilitaka kumpeleka Fundi nyumbani akalale. Akakataa. Akanambia tushushe giaboksi. Tukashusha. Akashika spana, akajaribu kuzifungua zile bolti, na zilikataa. Ilibidi nimsaidie kusukuma. Zilipotoka, nyuzi zake zilikuwa safi, zinang'ara, hazikuchubuka hata moja. Akazipanga kiganjani na kuzitazama.

"Zimeshika," akasema.

"Alhamdulillahi."

"Usiseme hivyo."

Lakini mimi kunyamaza ni kazi. Nikasema: "Fundi, kushika safari hii si hoja. Wewe mwenyewe umenifunza. Zingeweza kushika safari tisa na ya kumi zikaua. Bolti haijui mara moja."

"Na yule wa Uroa aliniomba safari ngapi?"

Nikaokota spana, nikaanza kuifuta.

"Aliniomba moja," akasema. "Kwenda na kurudi. Bolti hizi hizi."

Nilimkataza asiende Uroa. Nilimwambia: yule mtu ameshazika, ameshatua mzigo wake, ukienda kumwambia utampandisha upya. Mpaka leo nasema mimi ndiye niliyekuwa na haki. Lakini angekwenda kwa miguu nisingempeleka, basi nikaazima gari la mteja nikampeleka.

Mtu wa Uroa alikuwa kibarazani kwake, anasuka dema, ule mtego wa samaki wa fito. Alitukaribisha vizuri. Alikuwa ameshasikia habari za binti, akatoa pole, tena pole ya kweli, akasema Mungu amjaalie Fundi subira kama alivyomjaalia yeye. Fundi hakukaa. Akafungua kiganja, akamuonyesha zile bolti.

"Hizi ndizo nilizokukatalia. Nimekwenda nazo Makunduchi na kurudi. Zimeshika. Mama yako angefika hospitali."

Yule mtu alizitazama. Fito ilimponyoka.

"Kwa nini umekuja kuniambia?"

"Ni haki yako kujua."

"Mimi nilikuwa nshapoa, Fundi. Nshasema ni kudra, gari halikuwepo, mama siku zake zimefika. Nalala usingizi." Akaokota fito yake, akaiweka chini tena. "Wewe ungeniacha na kudra yangu."

Akaingia ndani, na mlango ukafungwa bila ya kishindo.

Kazi Fundi hakuifanya tena. Alikuja gerejini siku mbili tatu, watu wakimuuliza bolti hii itafaa, anaitazama, anawarudishia. Spana zake zilibaki zikining'inia mpaka jamaa wakazichukua. Nilipokwenda kumjulia hali, mkewe alinipokea mlangoni. "Ufagio wangu mzima siku hizi," akanambia, na akalia pale pale, mimi nimesimama na pakiti ya sukari mkononi sijui niiweke wapi.

Mimi mambo yangu yakapanda. Ningefanya nini? Uwanja nikaushika, wateja wakaja, nikanunua gari langu mwenyewe, kukuu lakini langu, na injini nikaifunga upya kila bolti kwa mkono wangu. Ijumaa moja, hapo tushaingia miaka ya sabini, natoka kutengeneza mashine shamba, nikamuona mzee anatembea peke yake njia ya mashariki, kofia ya viua kichwani. Nikasimamisha.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akalizunguka gari, akagonga boneti kwa kidole kimoja. "Lako?"

"Langu, Fundi. Kila kitu humo nimepima."

"Mashaallah."

"Unakwenda wapi kwa miguu jua lote hili?"

"Uroa."

Akapanda. Njiani nilimuuliza, na akanieleza kama mtu anayeeleza safari ya sokoni. Kila Ijumaa huenda. Gari likimchukua, humchukua, lisipomchukua hutembea mpaka limchukue jengine. Hukaa kibarazani kwa yule mtu mpaka Alasiri, kisha hurudi.

"Mnazungumza nini?"

"Hasemi na mimi."

"Hata salamu?"

"Salamu huitikia. Ni wajibu."

Nilitaka kugeuza gari. Miaka yote hiyo! Nikamwambia yaliyonijaa, kwamba amekwisha omba radhi, kwamba na yeye kafiwa, kwamba ipo mipaka ya mtu kujidhalilisha. Alikuwa akiangalia nje, na mkono wake umelala pajani, vidole vimenyooka, safi, hapana hata chembe ya grisi kwenye kucha. Sikuwa nimepata kuviona vidole vyake vikiwa hivyo, na ilinibidi nitazame njia.

Tulipofika, mtu wa Uroa alikuwepo kibarazani na dema lake. Fundi akatoa salamu, akaitikiwa. Mimi nikapewa mkono na mkeka. Yeye hakupewa mkeka, alikaa juu ya saruji, upande wa pili wa dema. Yule mtu akachukua fito, akaanza kuisuka, na ilipofika kwenye kona, pale panapotaka mtu wa kuushikilia ukingo usifumuke, hakuita. Aliusukuma tu ukingo kwa goti, kidogo, upande wa Fundi. Fundi akaushika.

Wakafanya kazi hivyo. Bibi mmoja akaleta maji katika kopo, akampa mwenye nyumba, naye akanywa, akaliweka chini baina yao. Baada ya muda Fundi akalichukua akanywa. Mimi niliyezoea kusema sikuwa na pa kutia neno, nikakaa mpaka nikachoka na kimya kile, nikasimama.

"Fundi," nikamwambia, "jua linakwenda. Twende nikurudishe mjini, utakuja siku nyengine."

Hakunyanyua uso. Alikuwa ameukamata ukingo wa dema kwa vidole vyote kumi, na yule mtu anapitisha fito katikati yake.

"Nenda zako, mwanangu," akasema. "Mimi hapa sijafukuzwa."